Al-Baleed, Salalah: nenda alasiri, usikimbilie kutoka

Nilikuwa Salalah, jimbo la Dhofar kusini mwa Oman, kuwaangalia jamaa, nikasema siondoki mpaka nifike Al-Baleed, magofu ya mji wa kale. Dereva wa teksi alinishusha saa saba mchana, jua la utosi, akaniambia nusu saa inatosha. Haikunitosha. Nilizunguka kidogo, nikaingia makumbusho kupoa, nikarudi kwenye magofu saa kumi, na hapo ndipo nilipouona mji wenyewe.

Niseme mapema: usitegemee majumba. Kuta nyingi zimebaki za kufika kiunoni, na anayetafuta minara ya kupigia picha ataondoka na kinyongo. Lakini hapa ndipo ulipokuwa mji wa Zafar, makao makuu ya Dhofar ya kale, uliopeleka farasi wa Kiarabu hadi Bara Hindi na ubani mbali zaidi ya hapo. Ubani huu huu tunaofukiza nyumbani. Tangu mwaka 2000 mji huu umo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO, pamoja na magofu ya Sumhuram huko Khor Rori.

Kilichonigusa hasa ni msikiti mkuu. Vitako vya nguzo vimejipanga safu kwa safu, kuta zimekwisha. Ibn Battuta, yule msafiri maarufu wa Morocco, alikuja hapa kwa chombo akitokea Kilwa, karibu mwaka 1331. Mimi Kilwa Kisiwani nimeshafika, nimesimama chini ya makuba ya msikiti wake, kwa hiyo nilipoinama kushika jiwe la Al-Baleed nilihisi nimefuata njia ya mtu ninayemjua. Aliandika kuwa mifugo ya huku ilikuwa ikilishwa dagaa, na akaeleza kwa kirefu habari za nazi na tambuu. Mtu wa pwani ukiyasoma hayo unajiona uko kwenu.

Makumbusho usiyapite. Ukumbi wa bahari na mifano yake ya vyombo ulinichukua muda kuliko ule wa historia. Ukitoka, pita ukingoni mwa hori, kuna matete na ndege wengi, na upepo wa bahari unakufikia.

Chukua maji na kofia, na viatu vya kutembelea, maana mji ni mkubwa. Jioni nilinunua dafu kwenye vibanda vya barabarani, mikungu ya ndizi ikining'inia juu ya kichwa cha muuzaji. Keshokutwa naenda Sumhuram.