Chupa ya chai ya safari ya treni Moshi–Arusha: anza na kizibo

Treni ya abiria ilirudi Moshi mwaka 2019, na Arusha mwaka uliofuata. Tangu hapo nikiletewa malalamiko ya safari, mengi ni ya chai. Dada mmoja wa Majengo kanunua chupa mpya inayong'aa, kailaza mkobani pamoja na chapati zake, kufika Arusha chapati zimekuwa uji. Mama mwingine chai ilimfuata hadi kwenye gauni la harusi.

Sitapima hapa chupa ipi inatunza moto saa 12 na ipi saa 24. Kwa barabara Moshi na Arusha ni kilomita 80 hivi. Hata treni ikichelewa, chupa yoyote nzima itakufikisha na chai ya moto. Rangi chagua mwenyewe. (Na mnaouliza kama ni treni ya mvuke: hapana, inavutwa na dizeli. Anayetaka ya mvuke aende makumbusho ya reli Nairobi akaione Mount Shengena, injini iliyopewa jina la mlima wetu wa Upareni.)

Tuje kwenye kizibo. Reli yetu ni ya upana wa mita moja, behewa linayumba kweli, na chupa iliyo mkobani hulala ubavu. Ikishalala, chai yote inazuiwa na kijipete cha mpira. Vizibo vya kubonyeza sivitaki kabisa. Kitunguu tu kikiegemea kitufe, njia imefunguka. Halafu ndani ya kitufe kuna springi na vijitundu ambavyo maziwa huingia na sabuni haifiki, wala hakifunguki ukisugue. Chai ya tangawizi ya Jumamosi, Jumatatu inanuka mtindi, na wewe unamlaumu muuza maziwa.

Namba moja kwangu ni Zojirushi ya Japani, ile ndogo ya nusu lita, na sioni haya kusema naipendelea. Kampuni yao ilianzia Osaka mwaka 1918. Kizibo kina komeo, kwa hiyo mkoba ukibanwa hakifunguki, na kinaachana chote kwa mkono: mpira huku, kifuniko kule, unaosha, unaanika, unarudisha. Ukibahatika utaikuta kwenye mitumba ya soko la Memorial, Moshi. Mtumba huo mwombe muuzaji maji yanayochemka, ujaze, usubiri dakika kumi, kisha shika ubavu wa nje. Ukipata joto, ile nafasi isiyo na hewa kati ya kuta mbili imeshaingia hewa, rudisha.

Namba mbili ni Stanley. Kizibo cha kuzungusha, hakuna springi, kofia ndiyo kikombe. Ni nzito kama jiwe la kusagia, na bandia zimejaa mjini. Nimeshaona iliyoandikwa "Stenley".

Namba tatu, chupa ya nyumbani yenye kioo ndani. Chai yake tamu, sibishi, ila ikidondoka sakafuni mwa behewa umebaki na njuga. Ipakate.

Zile za bei chee zenye namba za joto kwenye kifuniko: acha.

Sasa wauzaji. Duka moja la katikati ya mji, jina nalihifadhi, liliniambia 150,000 kwa chupa ambayo jirani yangu aliipata hapohapo kwa 95,000, eti mimi nilishuka na begi la safari. Nikaomba kujaza maji na kuilaza juu ya gazeti nione kama inavuja. "Mama, ukilowesha umenunua." Chupa ya maji isiyotakiwa kuguswa na maji! Asiyekuruhusu kuilaza anajua kitakachotokea, ondoka. Mpira wa akiba nao hakuna anayeuza. Wanataka ununue chupa nyingine nzima. Fundi wa majiko ya gesi aliwahi kunikatia wa kwake, ukatoa harufu ya tairi kwenye chai.

Kama huna budi kutumia kizibo cha kubonyeza, beba chai ya rangi, maziwa ya unga yawe pembeni. Na ukienda Arusha asubuhi kaa upande wa kulia, Kilimanjaro iko huko kabla mawingu hayajaifunika, kisha Meru. Mimina chai treni ikiwa imesimama stesheni.