Skana ya bei rahisi na kipimo cha moshi kwenye Z4 ya 2004: uzoefu wangu

Gari ni BMW Z4 ya 2004, ile E85 yenye injini ya M54 ya lita 3. Taa ya injini iliwaka, na asubuhi ikiwa ya baridi sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) ilikuwa inapanda na kushuka yenyewe. Ukiingia barabarani inatulia, huhisi chochote. Gereji ya kwanza ilichomeka mashine yake, ikasoma misimbo ya hitilafu P0171 na P0174, na papo hapo nikaandikiwa sensa mbili za oksijeni. Bei yake acha tu. Nikaenda Kariakoo kununua skana ya Bluetooth, nakala isiyo na jina ya ELM327, kifaa cha kusoma kompyuta ya gari kwa simu, shilingi elfu thelathini.

P0171 inasema benki ya kwanza, yaani silinda 1 hadi 3, ina hewa nyingi kuliko petroli. P0174 inasema hivyo hivyo kwa silinda 4 hadi 6. Sasa sensa mbili zife kwa mpigo? Benki zote zikilalamika pamoja, tafuta kitu zinachochangia: hewa inayoingia bila kupimwa, sensa ya hewa iliyochafuka, au pampu ya mafuta iliyochoka.

Kwa hilo skana imelipa hela yake. Siyo kwa kusoma misimbo, maana hata gereji iliisoma, bali kwa kuonyesha injini ikiwa inawaka kompyuta inaongeza petroli kwa asilimia ngapi. Kwenye sailensa ilikuwa +19. Nikishikilia resi (mizunguko ya injini kwa dakika) 2,500 inashuka mpaka +4. Throto, yaani mlango wa hewa ya injini, ikiwa karibu imefungwa injini inanyonya kwa nguvu, kwa hiyo tundu dogo linaleta sehemu kubwa ya hewa yote. Resi zikipanda, hewa halali inakuwa nyingi na ile ya wizi inamezwa. Ingekuwa pampu, namba zingezidi kupanda kadiri unavyokanyaga.

Kasoro zake: namba zinachelewa, inakatika katika na simu, ABS na airbag za gari hii haizioni kabisa. Ukiisahau imechomekwa inakula betri.

Kujua kwamba hewa inavuja ni jambo moja, kujua inavujia wapi ni jingine. Wapo mafundi wanaopuliza kabureta klina, dawa ya kusafishia inayoshika moto, huku injini inawaka, wakisikiliza mlio ubadilike. Juu ya injini ya moto yenye koili sita za cheche? Mimi hapana. Nikamtafuta fundi mwenye mashine ya moshi, elfu sitini. Injini inazimwa, njia ya kuingizia hewa inazibwa, moshi wa mafuta mepesi unasukumwa taratibu kwa presha isiyofika psi 1.

Haukuchukua muda. Moshi ulitokea chini ya mpira wa hewa, ule wenye mikunjo kati ya sensa ya hewa na throto. Kwa juu ulikuwa mzima, unang'aa kabisa. Ukiukunja kwa vidole, ufa unaachama kama mdomo wa samaki. Fundi akataka kuishia hapo. Nikamwambia auzibe kwa muda aendelee, kwa sababu moshi hukimbilia tundu kubwa na madogo yanajificha. Kweli, wa pili ukatokea chini ya manifoldi: hozi ya kupumulia ya krenkikesi (sehemu ya chini ya injini), imekauka kwa joto na umri, ikavunjikia mkononi. Kuifikia ndiyo kazi iliyokula mchana wote.

Tulipofunga vyote vipya na kufuta misimbo, namba kwenye sailensa ikakaa kati ya +1 na +3, na sensa za oksijeni ni zile zile za zamani.

Skana naipa nyota tatu kati ya tano, kipimo cha moshi tano. Ila mwenye gari la soko la Japani la miaka ya 90 aazime skana ya mwenzake kwanza ajaribu: mengi ya hayo hayaongei OBD2 ya kawaida, lugha ambayo skana hizi hutumia kuongea na kompyuta ya gari, hata kama tundu la kuchomekea linafanana, na muuzaji wa Kariakoo hatakwambia.