Meshes of the Afternoon: dakika 14 zinazostahili kutazamwa mara mbili

Maya Deren na mumewe Alexander Hammid waliipiga filamu hii mwaka 1943, nyumbani kwao Los Angeles, kwa kamera ya milimita 16, bila sauti. Mwanamke, anayeigizwa na Deren mwenyewe, anaokota ua barabarani, anaingia ndani, anasinzia kitini, kisha anaota safari ileile tena na tena, kila mara ikiwa imepinda kidogo. Anamfukuza mtu wa joho jeusi mwenye kioo badala ya uso. Huyo anatembea tu, na bado mwanamke anayekimbia hamfikii.

Usihangaike na kisa. Fuata vitu: ufunguo, ua, kisu, mkonga wa simu. Mwanzoni kisu kimechomekwa kwenye mkate mezani, kinateleza chenyewe. Baadaye utakikuta ngazini, pale palipokuwa na simu. Asiyeliona hilo hataguswa na sehemu bora kuliko zote: Deren watatu kwenye meza moja, wakiuchukua ufunguo kwa zamu, na kiganja cha wa tatu ni cheusi.

Ujanja huo ulifanyiwa ndani ya kamera. Kamera haitikisiki, upande mmoja wa lenzi unazibwa, mkanda wa filamu unarudishwa nyuma, mwigizaji anahamia kiti kingine, inapigwa upya. Kidole kikivuka mpaka wa upande uliozibwa, kinakatika. Hapa hakuna kilichokatika, na hilo ni la kustaajabisha. Ngazini wametumia njia rahisi zaidi: kamera inainamishwa huku na huku, Deren anajitupa ukutani, na nyumba nzima inayumba kama jahazi kwenye bahari chafu.

Muziki wa Teiji Ito uliongezwa mwaka 1959. Ni mzuri sana, ila unakutangulia kukuonyesha pa kuogopa. Mara ya kwanza zima sauti. Mara ya pili iwashe.

Kwenye runinga, rudisha picha kwenye umbo la 4 kwa 3 (upana kwa kimo), maana ikivutwa kujaza kioo nyuso zinapanuka. Zima pia ile programu ya kulainisha mwendo: inabuni picha za katikati ambazo hazikupigwa, na mwendo wa polepole wa ngazini unapoteza uzito. Epuka nakala zilizobanwa mno. Vivuli vya filamu hii ni vikali, na faili hafifu huvigeuza madoa meusi, hata mikunjo ya lile joho haionekani.