Kliniki ya himofilia jijini Mbeya: huduma ya sindano za faktari ya tisa na mzio wake

Tathmini hii inahusu kliniki ya himofilia katika hospitali moja kubwa jijini Mbeya, ambako mwanangu, mwenye himofilia B kali (ugonjwa wa kuzaliwa nao unaofanya damu isigande vizuri), alikuwa akichomwa protini ya kugandisha damu iitwayo faktari ya tisa, mpaka mwili wake ulipoikataa. Ninaisifu kliniki hiyo kwa jambo moja kuliko yote: haimruhusu mtoto kuondoka mara tu sindano inapochomolewa.

Wengi hufikiri kwamba hatari ya mtoto wa himofilia ni kutokwa damu tu. Kwa wenye himofilia B kali, dawa yenyewe inaweza kuleta hatari nyingine, kwa kuwa mwili ambao haujawahi kuwa na protini hiyo unaweza kuipokea kama adui. Hatari hiyo huonekana zaidi katika dozi 10 hadi 20 za mwanzo, hasa kwa watoto ambao sehemu kubwa ya jeni ya faktari hiyo haipo kabisa, na ndiyo maana Shirikisho la Himofilia Duniani linaelekeza dozi hizo zitolewe mahali panapoweza kutibu mzio mkali. Kituo tulichoanzia, karibu na nyumbani kwetu Rungwe, kilimchoma na kuturuhusu papo hapo, bila mtu yeyote kututajia neno mzio.

Mbeya mambo yalikuwa tofauti. Kabla ya kuchanganya dawa, muuguzi alimpima mtoto uzito, akakokotoa adrenalini, dawa ya dharura ya mzio mkali, kwa kipimo cha miligramu 0.01 kwa kila kilo, akaandika kiasi hicho kwenye karatasi na kuibandika kando ya trei. Dawa iliingizwa polepole. Siku mzio ulipotokea, mabaka yalianza shingoni, mtoto akakohoa, kisha kifua kikaanza kutoa mlio; muuguzi alisimamisha sindano mara moja, akamlaza chali miguu ikiwa juu, akamchoma adrenalini kwenye paja na kumwekea oksijeni, huku mwenzake akimwita daktari. Hakuna aliyepoteza muda kutafuta ufunguo wa kabati. Piritoni, ambayo wengi wetu tunaiamini kwa kila mzio, hupunguza muwasho, lakini haifungui njia ya hewa wala haipandishi presha iliyoshuka, na ninawashukuru wauguzi wale kwa kutoanza nayo.

Daktari alitueleza kwa utulivu kwamba mzio wa namna hii mara nyingi huandamana na kingamwili zinazoizuia faktari ya tisa isifanye kazi, akaagiza kipimo chake. Majibu yalithibitisha hivyo. Tangu hapo mtoto akivuja damu hupewa faktari ya saba iliyoamshwa, ambayo haina faktari ya tisa ndani yake. Tulionywa pia kwamba plazima (majimaji ya damu yaliyotenganishwa na chembe zake), pamoja na ile dawa yenye mchanganyiko wa faktari kadhaa, huwa na faktari ya tisa na zinaweza kuuamsha mzio upya. Nilipouliza kuhusu kuuzoesha mwili kwa dozi za mara kwa mara, hakunificha kwamba kwa himofilia B njia hiyo hufaulu kwa nadra na inaweza kudhuru figo. Jibu hilo liliniuma, lakini nililihitaji.

Kasoro kubwa ya huduma hii iko usiku. Faili la mtoto hufungiwa kliniki, hivyo chumba cha dharura cha hospitali hiyohiyo hakijui kwamba ana mzio, na mzazi aliyechanganyikiwa ndiye anayetegemewa kumzuia daktari wa zamu asimwongezee plazima. Kwa mgonjwa wa aina hii, pengo hilo ni kubwa mno kuachwa hivyo. Karatasi ya maelekezo nayo imeandikwa kwa Kiingereza, ilhali wanaoisoma ni bibi na shangazi wanaobaki na watoto kule Kyela na Makete. Foleni ni ndefu, ingawa wahudumu wana heshima.

Mzazi anayekwenda huko aombe siku ileile kadi yenye muhuri inayotaja aina ya himofilia, mzio wa faktari ya tisa na dawa inayoruhusiwa, kisha nakala yake aiache kwa mwalimu na kwenye zahanati ya kijiji. Sisi tulipewa baada ya kuomba; wasioomba huondoka bila kadi.