Roland CUBE Street: wati tano za kuvukia pantoni

Nianze na uzito wa spika hii ndogo ya betri, Roland CUBE Street, maana ndilo swali la kwanza mgongo wangu ulilouliza. Kilo tano na kidogo, karibu sawa na kiroba kidogo cha sembe. Mimi natoka Kigamboni, ng'ambo ya maji hapa Dar es Salaam, gitaa mgongoni, spika mkono wa kulia, begi la nyaya mkono wa kushoto, na nikifika getini pantoni inabidi niazime mkono wa tatu wa kutolea nauli. Spika niliyokuwa nayo zamani ilikuwa ya magurudumu, na konda wa daladala akiiona tu ananiambia, "Dada, huyo mwenzio naye ana nauli yake." Nikawa napanda bajaji kwenda na kurudi. Kazi ya laki moja ikifika nyumbani imebaki elfu sitini, na hapo sijala.

Kwa wasionijua: naimba na kupiga gitaa kavu, nyimbo zangu na za kuombwa, na hiyo ndiyo kazi inayolipa kodi ya chumba. Alhamisi na Jumapili niko kwenye mgahawa mmoja Msasani. Jumamosi ni sendofu au kicheni pati, nikipata. Mwezi wa sita shule zikifungwa, nakuwa na watoto wa mtaani kwetu. Spika hii nimeizungusha kwenye ratiba hiyo miaka mitatu sasa. Niliinunua mkononi kwa mpiga gitaa aliyekuwa anahama mji, laki tano na nusu, baada ya wiki mbili za kuvutana.

Kitaalamu ni amplifaya, lakini kila mtu anaiita spika, na mimi nitaiita hivyo hivyo. Ni kasha jeusi lenye spika mbili za inchi sita na nusu. Unaweza kuiweka ikiwa imelala nyuma kidogo, kama mtu anayetazama nazi juu ya mnazi, ili ikiwa chini sakafuni sauti iwapande watu usoni badala ya kuishia kwenye magoti. Maiki ina tundu lake na gitaa lina la kwake, kila moja na vitufe vyake, kwa hiyo huhitaji mikisa ya kuchanganya sauti. Nguvu yake ni wati tano, mbili na nusu kila upande. Najua jirani yangu mpiga disko akisoma hapa atacheka. Acheke. Inakula betri sita za AA, hizi za rimoti, na kiwanda kinasema zikiwa alkalini mpya zinakwenda mpaka saa kumi na tano. Mimi sijawahi kusubiri zifike huko. Nikishapiga shoo tatu nazibadilisha, zile za zamani nawapa wenye redio.

Suala la betri si dogo kama linavyosikika. Mwanamuziki anayetegemea soketi ya mwenye ukumbi ana mabosi wawili. Kuna meneja, halafu kuna yule kijana wa disko ambaye waya wa umeme ni wake, mikisa ni yake, na maiki nzuri ameificha chini ya meza. Ukifika anakwambia subiri. Ukianza, anakukata katikati ya ubeti ili atangaze gari namba fulani limeziba njia. Tangu nimepata spika yangu nafika, natafuta kona isiyo na feni, naweka vitu chini, dakika kumi nimeanza kuimba. Sijaomba soketi kwa mtu.

Alhamisi moja umeme ulikatika saa mbili usiku, jenereta nayo ikagoma. Mgahawa mzima giza, muziki wa ndani umezimika, sauti inayosikika ni yangu tu. Wateja wakawasha tochi za simu wakaziegemeza kwenye glasi za maji. Niliimba saa nzima hivyo, na begi la gitaa likapata noti kuliko usiku mwingine wowote mwaka ule. Mwisho wa kazi meneja akanipa nusu ya malipo. Nikauliza, bosi, vipi? Akajibu kwamba umeme ulikatika, biashara haikwenda. Nilimwangalia, nikaiangalia spika, nikaona nikiongea nitakosa pantoni ya mwisho.

Sauti yake sasa. Gitaa kavu lenye kipikiapu, kile kidude cha kunasa sauti ya nyuzi, linatoka safi, nyuzi za juu zinalia kama zilivyo, hazigeuki bati. Kuna kitufe cha kuchagua aina ya sauti ya gitaa, na nyingi ni za wapiga rock wenye gitaa la umeme. Hizo sijazigusa tangu siku ya kwanza. Eko nawasha robo tu. Ukizidisha, maneno yanaanza kukanyagana, na mimi nyimbo zangu zina maneno mengi, mtu asiposikia maneno hajasikia kitu. Maiki iwe ya dainamiki ya kawaida. Zile za studio zinazohitaji kulishwa umeme kupitia waya, hapa hazitaitika. Na usisimame mbele ya spika umeishikilia maiki, itapiga mluzi mpaka mbwa wa jirani waitikie. Simama pembeni, hatua moja nyuma.

Kitu ninachokipenda ambacho hakuna aliyeniambia: ina kifaa cha kutyuni, yaani kuweka nyuzi za gitaa sawa, humo humo. Upepo wa bahari unavyokuja mara unyevunyevu mara ukavu, gitaa langu likivuka maji linafika ng'ambo limeshalegea nyuzi mbili. Simu yenye programu ya kutyuni kwenye mgahawa wenye kelele inasikiliza vijiko. Hii inasikia waya tu.

Halafu kuna tundu la hedifoni. Nimepanga chumba na sebule, ukuta mmoja na mama mwenye kichanga. Nyimbo huwa zinanijia kuanzia saa tano usiku, sijui kwa nini hazina adabu ya kuja mchana. Zamani nilikuwa naziimbia ndani ya shuka. Sasa nachomeka hedifoni, naimba kwa kunong'ona, eko inanidanganya kwamba niko Ngome Kongwe, Zanzibar, mbele ya umati, na kichanga kinaendelea kulala.

Kwenye harusi, hapana. Niseme mapema mtu asije akanunua kisha akanilaumu. Wati tano kwenye ukumbi wa watu mia tatu, akina mama wa kicheni pati wamesimama na vigelegele vyao, ni sawa na kumnong'oneza mtu sokoni. Mdundiko ukiingia uani, ndiyo kabisa, jifungashie. Kazi hizo huwa napeleka waya kwenye mikisa ya ukumbi, na spika yangu naiweka miguuni nijisikie mwenyewe. Nje hivi, watu thelathini mpaka hamsini waliokaa wametulia, inatosha. Zaidi ya hapo tafuta kaka zake. Ipo CUBE Street EX, wati hamsini na betri nane, lakini na kilo zinaongezeka, na mimi bado napanda pantoni.

Lakini niliyoona Juni ndiyo yamenifanya niandike.

Sisi ni watatu: mimi, rafiki yangu mwalimu wa shule ya msingi, na mwenzetu mpiga ngoma aliyesomea sanaa Bagamoyo. Likizo ya mwezi wa sita tunakaa na watoto wa mtaa wiki tatu, asubuhi, chini ya mkungu ulio karibu na ofisi ya serikali ya mtaa. Mwenyekiti anatoa kibali na mikeka miwili. Akina mama wanapokezana kupika uji. Hakuna anayelipwa, na hakuna soketi. Mwaka wa kwanza tulikuwa tunapiga kelele tu. Kufika siku ya nne sauti yangu ilikuwa imekwisha, na Alhamisi nikaimba Msasani kama chura. Mwaka uliofuata nikaja na hii.

Nilidhani faida yake itakuwa kwamba watoto wa nyuma watanisikia. Ikawa wa nyuma wamesogea mbele. Kwa vile haipigi kelele, ukitaka kusikia lazima uje karibu na unyamaze, na watoto thelathini wakaanza kunyamazishana wenyewe kwa wenyewe, "shii, shii," kazi ambayo mwalimu mzima na filimbi yake ilikuwa imemshinda. Palikuwa na binti mmoja ambaye tangu aje hatujamsikia. Nikamshikisha maiki usawa wa kidevu, nikapunguza sauti mpaka chini. Akasema jina lake. Akanyamaza. Akaizunguka spika kwenda kuangalia nyuma yake. Akarudi, akalisema tena, safari hii na la bibi yake.

Kazi tunayowapa ni kuleta sentensi moja iliyosemwa nyumbani jana usiku. Isiwe ya kutunga. Siku ya kwanza wanaleta "nakupenda mama yangu," kwa sababu wanafikiri ndivyo nyimbo zinavyotaka. Siku ya tatu zinaanza kuja za kweli. Kijana wa miaka tisa hivi akaja na hii: "Maji yakitoka niamshe." Mama yake humwambia kila usiku. Wenzake wote wakaangua kicheko, na si kwa kumcheka. Kila mmoja kwao inasemwa. Nikaweka kodi tatu za gitaa, mwenzetu akaweka ngoma, na kabla ya uji kiitikio kilikuwa kimesimama:

Maji yakitoka niamshe,
ndoo nimezipanga mlangoni;
maji yakitoka niamshe,
hata kama niko ndotoni.

Mimi ningepoteza wiki mbili na hedifoni zangu nisipate "hata kama niko ndotoni." Aliyeuleta mstari huo ni mdogo wake, wala hakuwa ameandikishwa, alikuja kufuata uji.

Vijana wakubwa bila shaka wanataka singeli. Spika ina tundu la kuchomeka simu, nikawawekea biti. Hapo ndipo utaijua mipaka yake: mwendo upo, besi hakuna. Singeli bila besi ni mtu anayekimbia bila miguu. Tukaitafuta besi kwenye dumu la lita ishirini, la njano, likapigwa kwa kandambili. Nawaambia ukweli, lilikaa vizuri kuliko nilivyostahili.

Kosa nililolifanya mimi mwenyewe, mjifunze. Mfungo mmoja kazi zilipungua, nikaiweka spika uvunguni mwezi mzima na betri ndani. Nilipoifungua, betri mbili zimetapika unga mweupe, springi zimeota kijani, haiwaki. Nikaenda nayo Kariakoo kwa fundi wa redio, mzee wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Akainusa, akauliza, "Alkalini au za kawaida?" Nikamwambia alkalini. Akatuma kijana akalete ndimu. Nikajua anataka chai. Akaikata, akachovya mswaki mkuukuu, akaanza kusugua springi taratibu, na ule unga ukawa unachemka povu dogo. Akanieleza kwamba uchafu wa alkalini dawa yake ni uchachu, ndimu au siki, kisha unafuta kwa spiriti na kuacha pakauke kabisa. Elfu tano. Tangu siku hiyo betri zinalala kwenye mfuko wake, spika kwenye wake.

Kwa hiyo ukiikuta inauzwa mkononi, kabla hujaomba kuisikia fungua kifuniko cha betri utazame springi. Sisi wa pwani chumvi inakula bati hata lisilotumika. Zungusha kila kitufe polepole mpaka mwisho. Kikikwaruza ni vumbi, kinasafishika, ila kipunguze bei. Jaribu tundu zote mbili kwa waya wako mwenyewe. Na usichomeke adapta yoyote uliyookota kwenye droo kwa sababu tu kichwa chake kinaingia. Tazama volti, na tazama kile kimchoro cha chanya na hasi kama kinafanana na cha kwenye spika. Betri za kuchaji zinafaa, mimi ninazo sita pia, ila zote zichajiwe pamoja na zisichanganywe na mpya za dukani.

Mwaka jana baada ya watoto kurudi shule, mwenyekiti alikuja kuniomba "ile spika ndogo" kwa ajili ya mkutano wa mtaa. Nikampa kwa sharti moja, betri alete mwenyewe. Akaleta sita za bei poa kabisa, za karatasi nyekundu, zile zinazowekwa kwenye saa ya ukutani. Alifungua mkutano vizuri, akasoma yatokanayo, sauti ikaanza kupungua kwenye ulinzi shirikishi, na alipofika kwenye michango ya barabara akawa anachezesha midomo tu. Waliokaa nyuma wanaapa mpaka leo kwamba hawakusikia kiasi kilichotajwa.