Kamera za nyumbani kwenye simu: nyumba iko Kiseke, mimi niko Ukara

Nafanya biashara ya dagaa. Kila giza likiingia, zile siku ambazo mwezi hauonekani na wavuvi wanashuka ziwani na taa zao, nakuwa Ukara, kisiwa cha Ziwa Victoria, kukusanya mzigo wa kupeleka soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza. Nyumbani Kiseke, hapo hapo Mwanza, anabaki mama na wajukuu zake, pamoja na binti anayetusaidia kazi. Kwa hiyo hizi kamera nne nilizofungiwa nazipima kwa jambo moja: nikiwa kisiwani, simu inanionyesha nini?

Dukani watakusifia ung'avu wa picha kwenye skrini kubwa. Kwa mtu aliye mbali, hilo si la kwanza. Kamera nyingi za siku hizi hutoa picha mbili kwa pamoja, nzito ya kuhifadhiwa kwenye mashine ya kurekodi iliyoko nyumbani na nyepesi ya kutazama kwenye simu. Picha nzito ya megabiti 4 kwa sekunde inakula karibu GB 1.8 kwa saa. Nyepesi ya kilobiti 512 inakula kama MB 230. Na bando linaliwa huku na kule, kwa sababu simu inashusha na ruta ya nyumbani inapandisha. Kama ruta yako nayo inatumia laini ya kuwekewa vifurushi, fanya hesabu za pande zote mbili. Mtandao wa Ukara ukilegea, picha nzito inazunguka tu bila kufunguka. Nyepesi inakuja. Sura ya mtu siioni vizuri, lakini naona geti limefungwa, naona mama amekaa barazani, roho inatulia. Programu inayokuficha kitufe cha kubadili picha hizi mbili, usiichukue.

Kujiunga ni rahisi. Unaskani msimbo ulio kwenye mashine, kwisha. Ila simameni imara hapa: akaunti ifunguliwe kwa namba au barua pepe yako, kwenye simu yako. Fundi aliyekuja kwangu alitaka kusajili mashine kwenye akaunti yake halafu anigawie mimi, nikamkatalia. Mwenye akaunti ndiye mwenye macho ya nyumba. Nenosiri la kiwandani nalo libadilishwe siku hiyo hiyo. Mwaka 2016 kirusi kilichoitwa Mirai kiliteka kamera na mashine za kurekodi kwa maelfu duniani kote, kwa kujaribu tu yale maneno ya siri ambayo wenyewe hawakuyabadilisha.

Sasa arifa. Hapa ndipo Mwanza inapoitesa programu. Nyuma ya nyumba nina jabali, kama nusu ya jiji hili, na mchana kutwa mijusi na pimbi wanapita juu yake. Simu inalia kila mara. Usiku ni wadudu wa ziwani. Wakikatiza karibu na kioo, mwanga wa kamera wa kuonea gizani unawamulika, wanaonekana kama michirizi myeupe mikubwa, na buibui wanawafuata na kutega utando pale pale. Mtu anayelizwa na simu usiku kucha mwishowe anazima sauti, na hapo kamera haimsaidii kitu. Kilichonifaa ni kuchora ndani ya programu eneo la kulindwa, juu ya ukuta na geti tu, jabali nikaliacha nje, kisha kuchagua ilie kwa umbo la binadamu peke yake. Taa ya kawaida tukaihamishia nguzo ya mbali, wadudu wakaifuata huko. Fagio la utando linapita kwenye kamera kila Jumamosi.

Kurudisha picha za nyuma napenda kuliko kutazama moja kwa moja. Diski ya TB 1, kamera nne za megabiti 2 kila moja, inabeba siku 11 hivi kabla ya kuanza kufuta za zamani. Hakikisha tu saa. Mashine yangu ilikuja na saa ya China, iliyotutangulia kwa saa 5, ukitafuta tukio la saa mbili usiku unaletewa la saa tisa alasiri. Rekebisha saa za eneo kabla fundi hajaondoka.

Umeme ukikatika, ruta ikizimika, huku kisiwani unaona giza hata kama kamera zina betri. Ruta, mashine na kamera vyote viwe kwenye betri moja ya akiba ya umeme.

Sebuleni sikuweka kamera, na binti wa kazi nilimwambia mapema zilipo zote. Upande unaoingia kwa jirani programu imeufunika kwa kiboksi cheusi. Huyo jirani mwenyewe nimemshirikisha kamera ya geti peke yake, aone tu, asiweze kufuta wala kubadili chochote. Kuna alfajiri simu ililia nikiwa Ukara, nikamwona mtu juu ya ukuta. Mimi ningefika lini? Nilimpigia jirani, akatoka na tochi na vijana wake, yule mtu akarukia upande wa jabali akatokomea. Kipande cha picha nilikihifadhi kwenye simu, nikamtumia mwenyekiti wa mtaa kabla jua halijapanda.