Wapambaji wa harusi Moshi, Desemba: walitutundikia herufi za maharusi wa jana

Hili jambo limekaa moyoni tangu sikukuu. Nilijiambia niliache lipite, limekataa. Mwenye harusi Moshi mwishoni mwa mwaka asome hapa kabla hajamlipa mtu.

Jina la kampuni silitaji. Wana duka mjini, wanapamba kumbi na kukodisha tenti, na picha za kazi zao zinavutia kweli. Mimi nilikuwa mhazini wa kamati ya harusi ya mdogo wangu, kwa hiyo kila shilingi waliyopokea ilipitia mkononi mwangu.

Anayeijua Kilimanjaro anajua Desemba ilivyo. Wachagga wanarudi nyumbani kutoka Dar, Mwanza, Mbeya na hata ng'ambo. Tiketi za mabasi zinagombaniwa, na treni ya Dar hadi Moshi, iliyorudi mwaka 2019, nayo inajaa. Ndugu wote wako migombani kwa wakati mmoja, basi kila familia inataka kuozesha siku hizo hizo. Kwetu mlango ni mwembamba zaidi, maana parokia yetu haifungishi ndoa wakati wa Majilio, yale majuma manne ya kabla ya Krismasi. Harusi zote zinabanana kati ya tarehe 26 na mwaka mpya. Ndiyo maana tuliwahi. Vikao tulianza masika hata hayajaisha, na katikati ya mwaka tukawapa nusu ya fedha za mapambo, wakaandika tarehe yetu kwenye daftari nikiona.

Wiki ya Krismasi wakapiga simu: bei imepanda, maua kutoka Arusha yameadimika. Tukaongeza. Nilikasirika, lakini niliwaelewa, na rangi tuliyotaka waliipata.

Sasa siku yenyewe. Misa imekwisha, maharusi wako kwenye picha, mimi na mama tumetangulia ukumbini kukagua. Ukumbi umependeza, siwezi kusema uongo. Nikainua macho meza kuu. Kwenye pazia la nyuma, kwa herufi kubwa za dhahabu: J na R. Mdogo wangu hana J wala R katika jina lake, na mumewe vilevile. Hao walikuwa maharusi wa jana yake, katika ukumbi mwingine. Pazia lilifunguliwa kule likatundikwa kwetu kama lilivyo, hata vumbi kwenye pindo halijakung'utwa.

Mama akamwita msimamizi, kijana mdogo kuliko kitinda mimba wake. "Mwanangu, hizi herufi si zetu." Yule kijana hata shikamoo hakutoa. Macho kwenye simu, akajibu: "Mama, leo tuna harusi nne. Hii ni Desemba. Nani ataangalia herufi?"

Nani ataangalia! Ukumbi mzima umekaa ukiitazama meza kuu. Mpiga video anaangalia. Bibi yetu aliyeshuka kutoka Kibosho akiwa hajiwezi miguu anaangalia. Wanaangalia watu waliotoa michango huku ada za Januari zikiwasubiri.

Mjomba na shemeji ndio walioweka koti pembeni, wakapanda ngazi na kuzibandua. Zikabaki alama za gundi. Ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, ilipoingia na watu wakashangilia, mimi nilikuwa natazama zile alama tu, na kwenye video bado zinaonekana.

Kwetu Uchaggani aliyekosa huja na jani la sale kuomba msamaha, na ukishalipokea kinyongo kinatakiwa kiishe. Sale sikuidai. "Samahani mama" ingetosha kabisa. Nilipomfuata mwenye duka mwenyewe, akaniambia kijana ni kibarua wa msimu tu, kama vile hiyo inamwondolea yeye lawama.

Nilianza kuandika haya nikiwa na nia ya kusema: wachukueni, ila si Desemba. Mwezi wa 7, wakiwa na harusi moja kwa siku, pengine watawafanyia kazi nzuri, maana mikono yao kwenye maua ni mikono hodari. Lakini naikumbuka sura ya mama pale chini ya lile pazia, amevaa kitenge chake kipya, na nayafuta niliyosema. Asiyemwamkia mama yako Desemba, Julai atamwamkia kwa sababu gani? Msiwape kazi. Ukilazimika, mkataba utaje majina ya maharusi na saa ya ukumbi kuwa tayari, na salio lisitoke mpaka mtu wa familia akague kwa macho yake.

La kwetu lilishatoka. Msimu huo wanadai fedha zote kabla ya siku. Nimeomba warudishe angalau gharama ya pazia, wakanijibu nisubiri sikukuu ziishe. Zimeisha, shule zimefunguliwa, na simu yangu hawapokei.